Kazi, Utumwa na Uungwana: Margaret Strobel na Historia ya Wanawake wa Mombasa

Mhadhara huu unaichunguza taaluma ya mwanahistoria Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake wa Mombasa kuanzia kizazi cha mwisho cha utumwa hadi mwongo wa kwanza baada ya uhuru wa Kenya, na unashikilia hoja moja, kwamba mchango wake mkubwa ni kuzihesabu kuwa kazi zile shughuli ambazo maofisa wa serikali, na mara nyingi wenyeji wenyewe, waliziita mambo ya nyumbani tu. Bila ya kuzihesabu hivyo, kufutwa kwa utumwa katika mji huu hakueleweki. Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema. Kwa neno kazi haikusudiwi ajira ya mshahara peke yake, ila kila juhudi inayomwezesha mtu mwingine kula, kuvaa, kuzaa, kulelewa na kuhesabiwa kuwa mtu wa mji. Na kwa neno ukombozi haikusudiwi ile siku sheria ilipotiwa saini, ila mwendo mrefu wa kuvutana, ndani ya nyumba na nje yake, juu ya nani atamfanyia nani nini na kwa malipo gani.

Nyaraka za Mombasa hazina uhaba wa habari za kazi, lakini habari hizo ni za wanaume. Tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka kisiwani mwaka 1896, na zaidi pale bandari ya Kilindini ilipopanuka, maofisa waliandika kwa bidii juu ya mahamali, makuli wa gatini na vibarua wa reli. Na ilipotokea migomo, ule wa mwaka 1939 na ule mkuu wa Januari 1947 uliowahusisha wafanyakazi wapatao 15,000 na kumpa umaarufu kiongozi wao Chege Kibachia, wachunguzi waliteuliwa na ripoti zikachapwa, hata mwanahistoria Frederick Cooper akaweza, kwa kutegemea sana makaratasi hayo, kuandika kitabu kizima juu ya wafanyakazi wa bandari, kilichotoka mwaka 1987. Mwanamke huonekana humo kwa nadra, kama tatizo la makazi au kama mke aliyebaki bara. Yule aliyekanda unga wa mahamri usiku, akautia tui na iliki, akauacha uumuke hadi alfajiri, kisha akakaanga na kuuza mlangoni pake kwa watu wanaokwenda zamu ya asubuhi, hana fungu katika hesabu za bandari, ingawa bandari isingefunguliwa na watu wenye njaa.

Neno kibarua lenyewe lina historia inayotosha kuzitilia shaka hesabu hizo. Asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mtu kuthibitisha siku aliyofanya kazi, na katika miji ya pwani ya karne ya 19 wengi wa waliobeba vipande hivyo walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana. Kwa hiyo, hata kabla ya ukoloni, baadhi ya kazi za watumwa zilikwisha kupimwa kwa siku na kuwekewa bei. Kuteka maji kisimani, kutwanga mpunga, kumkanda mzazi na kumlea mtoto wa bibi hakukuwa na karatasi, na historia inayofuata karatasi huishia pale karatasi zinapoishia.

Strobel alisoma Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ambako Terence Ranger alifundisha kati ya mwaka 1969 na 1974 na kuandika kitabu chake juu ya ngoma ya beni, na ambako masimulizi ya mdomo yalikuwa yamekwisha kukubaliwa kuwa ushahidi halali wa mwanahistoria. Alifanya utafiti wake Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1975, na tasnifu hiyo ikawa msingi wa kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kutoka mwaka 1890 hadi 1975, kilichotolewa na Yale University Press mwaka 1979. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa tuzo ya Herskovits, tuzo ya Jumuiya ya Taaluma za Afrika ya Marekani kwa kitabu bora juu ya bara hili, kwa kugawana na kitabu cha Richard Lee juu ya Wasan wa Kalahari. Sehemu kubwa ya maisha yake ya ualimu ilipita katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, ambako alifundisha historia pamoja na masomo ya wanawake.

Wakati huo ulikuwa na mashinikizo mawili yasiyopatana sana. Upande mmoja, wanahistoria wa Afrika waliokuja mara tu baada ya uhuru walikuwa wakiandika juu ya falme, vita vya kupinga ukoloni na vyama vya siasa, yaani mambo ambayo wanaume walikuwa mbele yake. Upande wa pili, harakati za wanawake wa Marekani zilikuwa zikiuliza kwa nini nusu ya watu haimo vitabuni, na zikibeba ndani ya swali hilo dhana yao wenyewe ya ukombozi, ambayo haikuwa lazima iwe dhana ya mwanamke wa mitaa ya Mombasa kama Kibokoni au Kuze. Strobel alitoka katika shinikizo la pili, na linaonekana katika maswali yake ya mwanzo. Sifa yake ni kwamba aliyaacha maswali hayo yabadilishwe na majibu.

Alipofika Mombasa hakukuta uwanja mtupu. Fred Berg alikuwa amechapisha mwaka 1968 uchunguzi wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji, ambayo matatu kati yake, Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, yalihesabiwa upande mmoja na tisa yaliyobaki upande wa pili. Hyder Kindy, mzaliwa wa mji, alikuwa ametoa mwaka 1972 kumbukumbu zake za maisha na siasa za Mombasa. Na Ahmed Idha Salim alifuata mwaka 1973 na historia ya wanaozungumza Kiswahili katika pwani ya Kenya. Maandishi hayo matatu yanaeleza vizuri nani alikuwa liwali, nani alikuwa tamimu, yaani mkuu, wa taifa lipi na nani aligombana na nani juu ya kuhesabiwa Mwarabu au mwenyeji. Kindy, kwa kuwa alikulia humo, anagusia pia ngoma za wanawake na ushindani wake. Lakini nyumba yenyewe, yenye ukumbi wa mbele wa wageni na ndani kwa wanawake, inabaki na mlango uliofungwa.

Kuufungua mlango huo kulihitaji kujua nani aliishi ndani. Katika Mji wa Kale wa mwaka 1890 nyumba ya muungwana ilikuwa na watu wa daraja nyingi chini ya paa moja. Muungwana, ambalo leo ni neno la sifa kwa mtu wa adabu, wakati huo lilikuwa na maana ya kisheria, mtu aliyezaliwa huru. Mtumwa wa kike aliitwa mjakazi. Aliyezaliwa pwani, akijua Kiswahili na dini tangu utotoni, aliitwa mzalia na aliwekwa juu ya yule aliyeletwa karibuni kutoka bara, kwa Wayao, Wanyasa au Wazigua. Na mjakazi ambaye bwana wake alimfanya mwenzake wa kitanda aliitwa suria. Sheria ya Kiislamu ilimlinda suria kwa namna yake, kwa kuwa mtoto aliyemzalia bwana alikuwa huru na halali kama watoto wa wake wa ndoa, na mama mwenyewe, akiwa mama wa mtoto huyo, hakuweza kuuzwa na akawa huru bwana alipokufa. Familia nyingi zenye jina kubwa mjini zina nyanya wa namna hiyo katika nasaba yao, jambo linalojulikana na kila mtu na kusemwa na wachache.

Hapa ndipo dhana kuu ya Strobel inapoingia, ile aliyoieleza kwa ukamilifu mwaka 1983 katika mkusanyiko uliohaririwa na Claire Robertson na Martin Klein juu ya wanawake na utumwa Afrika. Wanazuoni wengi walikuwa wameupima utumwa wa pwani kwa mazao ya mashamba, mikarafuu ya Unguja na Pemba au nafaka za Malindi. Yeye alisema kwamba katika mji kama Mombasa thamani kubwa ya mjakazi ilikuwa katika kuiendeleza jamii yenyewe kutoka kizazi hadi kizazi, na kazi hiyo ina sura tatu zilizosukwa pamoja: kuzaa, hasa kwa masuria, kupika, kusafisha na kulea, na kufundisha, yaani kuwatia watoto na wari tabia na maarifa yanayowafanya watambuliwe kuwa watu wa mahali hapa. Sura hiyo ya tatu ndiyo yenye maneno mengi zaidi.

Mwari, msichana aliyevunja ungo, alihitaji mwanamke mzima wa kumfundisha mambo ya hedhi, ya unyumba na ya heshima, na mwanamke huyo aliitwa somo au kungwi. Waungwana na watumwa walikuwa na desturi zao tofauti. Kwa upande wa wanawake wenye asili ya utumwa kulikuwa na makungwi wenye daraja, nyimbo na ngoma ambazo mizizi yake ilikuwa katika unyago wa watu wa kusini na wa bara, na mambo hayo waliyafanya kwa siri na kwa masharti. Ilivyotokea kwa miaka ni kwamba yaliyokuwa ya watumwa yalipanda ngazi. Nyimbo, miondoko na mafunzo ya makungwi yaliingia katika harusi za mji mzima, hata leo chakacha ikipigwa katika arusi ya Mji wa Kale hakuna anayeuliza ilitoka kwa nani. Strobel aliusoma mchakato huo kinyume cha mtindo wa wakati wake: badala ya kusimulia jinsi watumwa walivyofanywa Waswahili na mabwana zao, alisimulia jinsi wajakazi walivyoufanya Uswahili wenyewe uwe jambo jingine. Hoja hiyo inaweza kubishiwa katika vipande vyake, kwa kuwa si rahisi kuthibitisha wimbo fulani ulitoka kwa Wazaramo na si kwa Wadigo, lakini mwelekeo wake ni sahihi, na ni ajabu kwamba ilichukua muda mrefu hivyo mtu kuuandika.

Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya ilipitishwa mwaka 1907, miaka kumi baada ya amri ya Sultani Hamoud ya mwaka 1897 huko Unguja na Pemba, amri ambayo iliwaacha masuria nje kwa hoja kwamba wao ni kama wake, hadi mwaka 1909. Kabla ya hapo, siku ya kwanza ya mwaka 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia Rabai walikuwa wamepewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana fidia. Na ng'ambo ya kisiwa, huko Frere Town, wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameanzisha tangu katikati ya miaka ya 1870 makazi ya watu waliookolewa majini. Katika sheria ya mwaka 1907 pia fidia ilikwenda kwa mwenye mtumwa. Aliyefanya kazi miaka yote hakupewa shamba wala fedha, akaambiwa yuko huru.

Kadhi na serikali hawakuuona uhuru huo kwa jicho moja. Kwa watu wengi wa dini katika pwani, uhuru unaotolewa na mtu asiyemiliki haukukamilika mbele ya Mungu, na wapo waliokuwa watumwa ambao, ingawa serikali ilikwisha kuwaacha, waliona haja ya kuachwa huru na bwana mwenyewe kwa tamko lake. Aliyeachwa huru naye hakuvunja uhusiano wote, kwa sababu sheria ya Kiislamu inatambua walaa, yaani fungamano la mwachaji na mwachwa, ambalo kwalo bwana wa zamani anaweza kumrithi mwachwa asiye na warithi wa damu na kuwa walii wa kumwozesha mwanamke asiye na walii mwingine. Kwa mwanamke jambo hili lilikuwa zito kuliko kwa mwanamume. Hamali angeweza kuhamia Changamwe na kupanga chumba, lakini mwanamke aliyetaka ndoa yenye heshima, mazishi yenye watu na mwanawe aliyekubaliwa mtaani, alikuwa na sababu ya kubaki karibu na nyumba ile ile, akiitwa sasa jamaa badala ya mjakazi, na akija kusaidia kila kukiwa na arusi au matanga. Mtu anayesoma nyaraka peke yake huona wanawake hao "hawakuondoka" na kudhani hawakutaka uhuru. Strobel, aliyewasikiliza wajukuu zao, aliona mapatano yaliyofanywa upya kila siku.

Kilichobadilika kinaonekana vizuri katika mavazi. Katika miji ya pwani ya kaskazini, mwanamke muungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, pazia kubwa la nguo lililoshikwa juu na kuzungushwa pande zote, naye hakulishika mwenyewe. Wajakazi ndio waliolibeba, wakipima hatua zao kwa hatua zake katika vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Shiraa lilitaka mikono ya watu wengine. Mikono hiyo ilipokuwa haiamrishwi tena, vazi lilikufa, na mahali pake, mwanzoni mwa karne ya 20, likaja buibui, ambalo mwanamke mmoja hulivaa peke yake na ambalo aliyekuwa mtumwa angeweza kulinunua na kulivaa sawa na aliyekuwa bibi yake. Nguo hiyo nyeusi, ambayo mgeni huiona kuwa alama ya kufungwa, ilikuwa kwa baadhi ya waliovaa mara ya kwanza alama ya kupanda daraja, kwa kuwa utawa, yaani kukaa ndani na kujisitiri, ulikuwa fahari iliyokatazwa watumwa.

Utawa nao ulikuwa na gharama iliyolipwa kwa kazi. Bibi aliyebaki bila wajakazi, au mumewe aliyepoteza mapato ya shamba, hakutoka kwenda sokoni. Alikaa ndani akashona kofia au kusuka ukili. Kofia ya vito hutengenezwa kwa kitambaa cheupe kinachotobolewa tundu ndogo ndogo kwa kufuata ua lililochorwa, kisha kila tundu huzungushiwa uzi mpaka liwe gumu, na kofia moja nzuri huchukua majuma mengi ya jicho na kidole. Ukili ni utepe unaosukwa kwa miyaa ya mkindu iliyochanwa na kutiwa rangi, hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, na tepe hizo ndizo zinazoshonwa pamoja kuwa mkeka. Mtoto au mwanamke mzee alipeleka bidhaa dukani na kurudi na pesa. Hapo tofauti ya kazi ya nyumbani na kazi ya soko hupotea kabisa, na hapo pia mwanamke wa Kiislamu alikuwa na jambo ambalo mke wa Kiingereza hakulipata kisheria mpaka miongo ya mwisho ya karne ya 19: pesa hizo zilikuwa zake, kama ilivyokuwa nyumba aliyorithi au kununua, na wako wanawake wengi miongoni mwa wenye nyumba wa Mji wa Kale na wa mitaa ya Majengo iliyokua baadaye.

Sehemu ya taaluma ya Strobel inayojulikana zaidi, hata hivyo, ni ile ya lelemama. Hii ni ngoma ya wanawake, wanaocheza kwa mstari na kwa miondoko ya utulivu ya mikono, na katika Mombasa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilichezwa na vyama vyenye viongozi wa vyeo, sare, michango na wapinzani. Mashuhuri katika kumbukumbu za mji ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Upande mmoja ukichinja ng'ombe, upande wa pili ulitaka kuchinja zaidi. Nyimbo za mafumbo zilitungwa kumfedhehesha mpinzani bila ya kumtaja. Na fahari hiyo iliwafikisha baadhi ya watu katika madeni. Wanazuoni wa islahi, yaani wa kuirekebisha dini, walilalamikia israfu hiyo, na wakati huo huo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika magazeti yake ya miaka ya 1930, Sahifa na Al-Islah, alitetea elimu ya wasichana, kwa hiyo ni makosa kuuona ubishi huo kama wa dini dhidi ya wanawake.

Katika makala yake ya mwaka 1976, Strobel alisema kwamba ngoma hiyo ilikuwa shule. Mwanamke aliyejua kukusanya michango, kuweka hesabu, kupanga zamu za mapishi ya watu mia na kuwatuliza waliogombana alikuwa na ujuzi wa uongozi ambao hakuna skuli ya serikali iliyompa. Mwisho wa miaka ya 1950 vilipoundwa vyama vya wanawake vya namna mpya, Taasisi ya Wanawake wa Kiislamu na Jumuiya ya Utamaduni ya Wanawake wa Kiislamu, vyenye madarasa, maonyesho na misaada ya skuli, ujuzi huo ulihamia humo, na hata uhasama wa ngoma ulihamia nao. Mwaka 1958 wanawake wa Kiarabu wa Mombasa walipeleka maombi serikalini wakidai haki ya kupiga kura, ambayo wanaume wao walikuwa nayo na wao hawana. Wazo la kwamba njia ya kwenda kwenye kura ilipita katika ngoma lilichekwa na wengine. Ukilinganisha na yaliyotokea Tanganyika, ambako Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa chama cha TANU, alionyesha Bibi Titi Mohamed akipita katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kukusanya wanachama, kicheko hicho kinakosa msingi.

Kuna udhaifu katika kitabu cha mwaka 1979, na ni haki kuutaja. Neno "Waislamu" katika jina lake linawaweka pamoja watu ambao mji uliwatenga kwa makini, na kitabu chenyewe kinawapa nafasi ndogo wanawake wa Mijikenda walioingia kisiwani na kusilimu, na vilevile wake wa wafanyakazi kutoka bara, ambao kufikia miaka ya 1940 walikuwa sehemu kubwa ya Majengo. Aidha, mwandishi ana haraka kidogo ya kuona mshikamano wa wanawake mahali ambapo ushahidi wake mwenyewe unaonyesha ubishi wa daraja, kwani chama cha ngoma kinachomkaribisha mzao wa mtumwa kinaweza pia kumkumbusha kila wiki mahali pake. Yeye mwenyewe aliyajua mashaka ya nafasi yake. Mwaka 1977 aliandika makala juu ya kukusanya masimulizi akiwa mgeni, mwanamke mzungu asiye Mwislamu anayeuliza mambo ya ndani katika lugha aliyojifunza, na makala hiyo bado inafaa kusomwa na mwanafunzi yeyote anayebisha hodi na kinasa sauti mkononi.

Jibu lake kwa mashaka hayo lilikuwa kazi iliyochukua muongo mmoja zaidi. Mwaka 1989, pamoja na Sarah Mirza, alitoa kwa Kiingereza masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa waliozaliwa kati ya mwaka 1890 na 1920: Kaje wa Mwenye Matano, wa upande wa waungwana wa mji, Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa na mjuzi wa mambo ya makungwi, na Shamsa Muhamad Muhashamy, mdogo wao kwa umri, aliyeziona siku za vyama vipya. Mwaka 1991 Indiana University Press, ile ile iliyochapa tafsiri, ilitoa toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, yaani maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Kwa hukumu ya mhadhara huu, toleo hilo lina uzito kuliko tuzo yoyote, kwa sababu linamwezesha msomaji wa Mombasa kumkosoa mwanahistoria kwa kutumia ushahidi wake mwenyewe. Kiingereza mara nyingi hutosheka na neno moja kwa mtumwa. Simulizi la Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya mjakazi, mzalia, suria na mjoli, yaani mtumwa mwenziwe wa bwana mmoja, na katika uchaguzi huo msemaji husema pia amesimama wapi yeye.

Baadaye Strobel aliligeuza jicho upande wa pili, akaandika mwaka 1991 juu ya wanawake wa Ulaya katika himaya ya Uingereza, na kuhariri pamoja na Nupur Chaudhuri mkusanyiko wa mwaka 1992 juu ya ushirika na upinzani wa wanawake hao katika ukoloni. Kisha akarudi nyumbani na kuandika habari za Chicago Women's Liberation Union, chama kilichodumu tangu 1969 hadi 1977. Wengine waliendeleza yale aliyoyaanza pwani: Susan Hirsch alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi akisikiliza wake wanavyodai haki zao, na Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya Pemba, alifuatilia jinsi waliokuwa watumwa walivyotafuta heshima baada ya uhuru.

Swali lake la kazi limepata uwanja mwingine ambao yeye hakuuandikia. Wanawake wa Mombasa na wa pwani nzima huenda leo Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wakiitwa makadama, chini ya mpango wa kafala, ambao kwao kibali cha kuishi nchini hushikwa na mwajiri aliyemdhamini mfanyakazi. Kulinganisha hali hiyo na utumwa wa mwaka 1890 kwa pupa kungeharibu mambo yote mawili, kwa kuwa kadama ana mkataba, mshahara na siku ya kurudi, hata pale haki hizo zinapovunjwa. Lakini mshahara wake huandikwa, hutumwa kwa simu na huingia katika takwimu za fedha zitokazo ng'ambo, ilhali mama yake aliyebaki Majengo, anayeamka alfajiri kumwogesha mjukuu, kumvika sare, kumpeleka chuoni na kurudi kukaanga mahamri, hayumo katika takwimu hizo.